Usiku Mmoja wa Kumwachisha Kabula

Wazo la safari halikuwa la Felisita, wala la mumewe Maganga, ingawa baadaye kila mmoja alijilaumu kana kwamba amelitunga peke yake. Lilikuwa la mama mkwe, Benedikta, mwanamke asiyejua kuzunguka na maneno. Mjukuu wake Kabula alikuwa ametimiza miaka miwili na ushee, ana meno mdomo mzima, anakimbiza kuku uwanja mzima, na bado akimkuta mama yake amekaa chini anamfungua kanga mwenyewe, hana hata salamu. Walipaka pilipili kwenye ziwa. Mtoto akaifuta kwa kiganja akaendelea. Walipaka mwarobaini, akakunja uso, akanyonya hivyo hivyo.

"Mtoto haachi ziwa huku analinusa," Benedikta alisema jioni moja, akimenya viazi. "Ondokeni, wewe na mumeo. Laleni mbali, hata usiku mmoja. Akiamka hakukuti, atalia, atachoka, atakula. Huyo Maganga nilimwachisha hivyo hivyo, na leo si mnamwona, anamaliza sinia."

"Basi twende Mwanza," Maganga akadakia, haraka mno.

Na ukweli usemwe, hao wawili hawakuhitaji kusukumwa mara mbili. Miaka minane ya ndoa, hawajawahi kulala peke yao. Mwaka wa sabini na nne Operesheni iliwang'oa kwenye mji wao wa zamani ikawaleta Mwakidiga, kijiji cha ujamaa upande wa Bariadi, nyumba zimepangwa mistari kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa kucha. Humo walipata vyumba viwili. Kimoja cha mbuzi na vyombo, kingine wakalala wote, Benedikta upande wa mlango na pazia la gunia katikati. Mtu na mkewe wakitaka kuambiana jambo walisubiri waende kutafuta kuni. Wewe ungeambiwa uende Mwanza usiku mmoja, ungekataa?

Sasa ulikuwa mwaka wa sabini na nane, kiangazi, pamba imeshauzwa, viazi vinachimbuliwa. Felisita aliondoka alfajiri mtoto akiwa amelala. Hakumbusu wala hakumgusa, maana mkwe alikuwa amesimama hapo kama polisi. Kwenye basi alilia kidogo hadi Lamadi, kisha maji ya ziwa yakaonekana kwa mbali, na Maganga akaanza kumsimulia meli kana kwamba yeye ndiye nahodha, mkewe akacheka.

Mwanza walipata chumba kwa mama mmoja aliyeitwa Asumini, mwenye nyumba ya wageni nyuma ya soko. Kitanda cha chuma, shuka jeupe, taa ya umeme. Maganga aliiwasha na kuizima, akaiwasha na kuizima, hadi Asumini akagonga ukuta akauliza kama mgeni wake anaumwa. Walikula samaki wa kukaanga barabarani, wakaenda kuitazama meli bandarini, wakarudi wameshikana mikono, jambo ambalo Mwakidiga lingesimuliwa mwezi mzima. Felisita alikuwa na furaha. Nasema hivyo kwa sababu baadaye aliikana furaha ile kama mtu anayekana wizi. Alikuwa na furaha, na kifua kilikuwa kimemlowa maziwa, na vyote viwili vilikuwa vyake.

Asubuhi walipanda basi la kurudi. Walipita Magu, na kabla ya kufika Lamadi, mbele ya daraja, basi likasimama. Gogo limelazwa barabarani. Mgambo wanne wenye marungu, na mwanamke mmoja aliyevaa gauni jeupe la uuguzi, amesimama kwenye vumbi na ndoo ya dawa.

"Kipindupindu," muuguzi alisema, abiria walipokwisha kushuka. "Kimeingia Mwanza. Kuanzia alfajiri ya leo, anayetoka huko havuki. Mtakaa siku kumi. Asiyeumwa atapewa cheti aende kwao."

Watu walipiga kelele, kisha wakanyamaza, maana kelele haziondoi gogo. Felisita alimfuata muuguzi pembeni, akapiga magoti mavumbini, mikono kifuani.

"Nimemwacha mtoto, dada yangu. Ananyonya. Nilimwambia bibi yake nitarudi kesho yake."

"Kila mtu hapa ana mtoto, mama."

"Wangu hajui kula."

"Basi atajifunza," muuguzi alisema, si kwa ukali, akachovya kikombe kwenye dawa akamwambia anawe mikono.

Waliwekwa kwenye shule iliyokuwa imefungwa, watu arobaini kwenye darasa la tatu, ukutani bado pana jedwali la kuzidisha. Kila asubuhi yule muuguzi alisimama mbele yao kama mwalimu na kurudia maneno yale yale hadi watu wakayakariri. Ugonjwa huu hauji kwa upepo wala kwa jicho la mtu. Unatoka kwenye kinyesi na matapishi ya mgonjwa, unaingia kwenye maji, unakaa mikononi, unakaa kwenye nguo. Mkono wa mama unamuua mtoto haraka kuliko mchawi. Chemsheni maji. Naweni kwa sabuni. Hapo watu waliguna, kwa sababu mwaka ule sabuni ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Siku ya pili maziwa ya Felisita yalijaa yakawa magumu kama mawe. Alikwenda nyuma ya darasa akayakamua ardhini, akayatazama yakinywewa na mchanga, akaona afadhali angekuwa anakamua damu. Siku ya tatu homa ya maziwa ilimshika akatetemeka usiku kucha, na Maganga akamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Kila akifumba macho alimsikia Kabula. Si kwamba alimkumbuka. Alimsikia, kile kilio chake cha kukatakata. Aliinuka mara mbili akaenda mlangoni.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, alikuja Novatus. Huyu alikuwa mtu wa kwao Mwakidiga, mchuuzi wa dagaa, anawafuata Lamadi kwa baiskeli. Alikuwa amesikia wenzake wamezuiwa, akaja kusimama ng'ambo ya daraja, akapaza sauti ya salamu ya asubuhi ya kwao kupita vichwa vya mgambo.

"Mwangaluka, Mama Kabula!"

"Mwangaluka. Mtoto wangu yukoje?"

Novatus alishika usukani wa baiskeli akaangalia chini. Angekuwa na akili angedanganya. "Niliondoka juzi. Bibi yake kaniambia nikiwaona niwaambie mtoto hataki kula. Uji anatema. Maji anatema. Analia tu, na sasa hata kulia anachoka. Amelegea. Bibi anasema mje."

Mgambo mmoja akamwambia aondoke, akaondoka. Felisita alibaki amesimama pale pale, na jua likamchoma, na hakuhisi.

Maganga alimkuta darasani anafunga kanga zake.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mama Kabula, subiri. Bado siku sita tu."

"Atamaliza siku sita huyo? Mtoto asiyekunywa maji? Wewe umemsikia Novatus au hukumsikia?"

Maganga alikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yakagusa kidevu. Alikuwa mtu mpole, na upole wake siku ile ulimkera Felisita kuliko gogo la barabarani. "Na kama tuna ugonjwa? Jana usiku wamewatoa wawili humu kwa Landrova. Yule mzee alikuwa amelala karibu na mimi."

"Mimi siumwi. Wewe unaumwa?"

Maganga aliangalia jedwali la kuzidisha ukutani.

"Nakuuliza, unaumwa?"

"Siumwi," alisema.

"Basi simama."

Alisimama. Maskini Maganga, maisha yake yote aliambiwa simama akasimama, aliambiwa hama akahama.

Walitoka saa saba mchana, jua la utosi, mgambo wamekaa kivulini kuzunguka ugali wao. Mto ule wakati wa kiangazi ni mchanga mtupu na vidimbwi vya ng'ombe. Asiyetaka daraja halihitaji. Walishuka mbali kidogo na barabara, kama watu wanaokwenda kujisaidia, wakavuka mchanga unaochoma nyayo, wakapanda ukingo wa pili. Hakuna aliyepiga filimbi. Felisita alitembea mbele bila kugeuka nyuma. Waliipita Mkula kwa nyuma, wakikwepa njia kubwa, wakiona watu wanakata njia nyingine. Kiu ilipowazidi walikunywa kwenye kidimbwi, wamepiga magoti kama mifugo. Maneno ya muuguzi aliyakumbuka baada ya kumeza.

Usiku walilala chini ya mti bila moto, na alfajiri wakaondoka. Siku ile nzima walitembea, miguu imewavimba. Kila walipopumzika Felisita alihesabu kwa vidole saa ambazo mtoto amekaa bila kitu, akikosea, akianza upya. Alimwambia Mungu maneno ambayo padri asingependa kuyasikia. Alimwambia amchukue yeye, amchukue Maganga, achukue ng'ombe, ila mtoto amwachie.

Jioni Maganga alianza kubaki nyuma. Alisema ni miguu. Kisha akaingia kichakani mara moja, akatoka, akaingia tena. Felisita alisimama akimsubiri, akijiambia ni maji ya kidimbwi tu. Mbele yao palikuwa na mahame, mji wa watu fulani waliohamishwa na Operesheni kama wao. Paa hakuna, ukuta mmoja umesimama, uzio wa minyaa umeota ovyo. Hapo Maganga aliketi, akaegemea ukuta, na alipojaribu kusimama tena miguu ilikataa.

Kulipopambazuka hakukuwa na cha kujidanganya. Yalimtoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, juu na chini, bila kupumzika, bila hata nguvu ya kujigeuza. Felisita alimvua, akamfuta kwa kanga yake moja, akaikamua, akamfuta tena. Alikwenda kwenye kisima cha zamani nyuma ya mji, akateka maji ya matope kwa kibuyu alichokikuta kimeachwa pale, akamnywesha, akayatapika mikononi mwake. Akamnywesha tena. Uso wa Maganga ulibonyea ndani ya saa chache, macho yakaenda ndani, ngozi ya mikono ikakunjamana kama ya mfuaji. Felisita alikuwa amelowa matapishi ya mumewe hadi viwikoni, na hakuona kinyaa, aliona hasira. Alimkasirikia kwa kuugua. Alimkasirikia kwa kumtii.

"Nilianza kule darasani," Maganga alisema kwa sauti ya mtu aliyekauka koo. "Ile asubuhi ya Novatus. Tumbo lilikuwa limeanza."

"Nilikuuliza."

"Ningesema, usingekuja. Na mtoto?"

Felisita alilaza paji la uso kwenye goti lake. Machozi alishayamaliza.

"Nenda," Maganga alisema. "Kutoka hapa ni mwendo wa nusu siku. Mfikie mtoto. Mwambie balozi wa nyumba kumi alete watu na machela."

"Nikuache hivi?"

"Ukikaa utanizika, halafu utakwenda kumzika yeye. Nenda, Mama Kabula."

Alimwekea kibuyu cha maji mkononi, akamfungia vidole kwenye shingo ya kibuyu kwa sababu havikujifunga vyenyewe. Akaondoka. Safari hii aligeuka nyuma, mara nyingi, hadi ukuta ule ukapotea kwenye minyaa.

Alikimbia, kisha akatembea, kisha akakimbia. Mtu mwenye mume upande huu na mtoto upande ule hana mahali pa kuweka moyo, aliubeba tu. Jua lilipopinda alianza kutambua miti, kisha mapito, kisha mashamba ya watu kwa majina yao. Ndipo tumbo likanguruma. Alisema ni njaa. Likanguruma tena, likakata, na ikambidi achuchumae pembeni ya njia, na alipoinuka alitazama alichokiacha kwenye majani. Kilikuwa cheupe.

Alisimama pale muda mrefu, kanga iliyokauka matapishi ya Maganga ikiwa begani. Alinusa mikono yake. Alitafuta maji kwa macho, hapakuwa na maji. Alisugua mikono kwa mchanga, akaisugua hadi ikachubuka, na moyoni alijua kuwa tumbo halisuguliwi kwa mchanga. Lakini miguu ilishaanza kwenda. Alijiambia atamwona tu. Atasimama mbali, atamwita mkwe, atamwona mtoto kama yu hai, basi.

Shamba lao la viazi lilikuwa ukingoni mwa kijiji, nyuma ya mstari wa mwisho wa nyumba. Matuta yalikuwa yamechimbuliwa nusu, mabonge ya udongo mkavu yametapakaa kila mahali. Mwisho wa shamba, Benedikta alikuwa ameinama na jembe. Karibu naye, mtoto amekaa juu ya tuta, amevaa shanga za kiuno tu, anatafuna matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa. Anatafuna kwa bidii, shavu limevimba, anang'oa kipande kwa meno, anameza, anang'oa kingine. Mtoto mzima. Kanenepa, au macho ya mama yalimwona hivyo.

Felisita alishika mdomo. Akaketi ardhini. Siku zile zote, gogo lile, mchanga ule, Maganga aliyeegemea ukuta wa watu, vyote vilikuwa kwa ajili ya mtoto anayekufa njaa, na mtoto huyu hapa anakula matobolwa.

Huenda alitoa sauti. Kabula aligeuka. Akatazama, akasimama, kile kipande cha kiazi kikamwanguka.

"Mayu," alimwita mama yake.

Akaja mbio. Alikimbia kama wanavyokimbia watoto wa umri ule, tumbo mbele, mikono imeinuliwa, akiruka matuta, akianguka, akiinuka bila kulia, na kicheko kinamtoka kwa furaha ya kupata kilichopotea. Na maziwa ya Felisita, ambayo siku mbili yalikuwa yamekauka, yakatoka yenyewe, yakamlowesha kifua hadi tumboni.

"Rudi," Felisita alisema.

Mtoto alikuja.

"Kabula, rudi kwa bibi. Rudi!"

Alijaribu kusimama akimbie yeye, na tumbo likamkata akainama. Mtoto alikuwa amebakiza matuta kumi. Felisita alipapasa chini, akashika bonge la udongo, akalirusha. Lilipita pembeni, likapasuka. Kabula alisimama, akalitazama, akacheka. Alidhani ni mchezo. Akaja tena. Sasa alikuwa karibu kiasi kwamba mama aliuona ute wa kiazi kwenye kidevu chake, na nukta ya kovu juu ya jicho. Felisita aliokota bonge la pili. Safari hii alilenga.

Lilimpata mtoto kifuani. Akakaa chini kwa kishindo, vumbi likamwingia machoni, mdomo ukafunguka bila sauti, vile mtoto anavyovuta pumzi kwanza kabla ya kilio kikubwa. Kisha kilio kikaja.

"Umepagawa?" Benedikta alikuwa anakuja na jembe mkononi. "Unampiga mtoto kwa ajili ya ziwa? Mbona tumeshamwachisha? Tangu Novatus aondoke, jioni ile ile alikula. Tangu siku ile anakula."

"Mshike, mayu," Felisita alisema. "Mshike, usije huku. Baba yake yuko kwenye mahame njia ya Mkula, ana kipindupindu, mwambie balozi Joakim aende na machela leo hii. Na mimi ninacho."

Benedikta alisimama. Jembe lilimwanguka mkononi. Alitazama kanga iliyokuwa begani mwa mkwewe, akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu Felisita aolewe katika nyumba ile, mwanamke yule alikosa neno. Alimnyanyua mjukuu wake kwa mkono mmoja, akarudi kinyumenyume hadi mwisho wa shamba, kisha akageuka akaanza kupiga yowe la kuita watu.

Kabula alikuwa anajinyonganyonga begani kwa bibi, ananyoosha mikono nyuma. Benedikta, katika kuita na kuhangaika, alimteremsha. Watu walianza kutokea kati ya nyumba, wanauliza, na bibi anawaelekeza kwa mikono miwili. Mtoto alisimama peke yake ukingoni mwa shamba, analia, amemtazama mama yake. Akakanyaga tuta la kwanza.

Felisita aliokota bonge jingine, akainua mkono.